Seli Haina Pasipoti

Kwenye kaunta ya mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, binti mmoja mtafiti alikuwa amekumbatia kisanduku kama mtoto mwenye homa.

“Iko nini ndani, dada?” afisa akauliza.

“Seli shina za binadamu, afande, chembe changa zinazoweza kukua kuwa kiungo chochote. Tunazikuza salama juu ya grafini, kaboni kama ya penseli, ili zije zitibu mifupa.”

Afisa akaondoa mkono kisandukuni haraka. “Mtu iko ndani? Pasipoti yake iko wapi?”

Foleni nzima tukarudi nyuma. Mama mmoja akanong’ona, “Haitatudhuru?”

“Mama, ninyi ndio mtakaozidhuru,” binti akajibu. “Kisanduku kikifunguliwa, pumzi zenu zitaziua.”

Tukaziba midomo kwa viganja.

“Pita,” afisa akasema. “Lakini ikiota mtu, arudi mwenyewe agongewe muhuri.”

Tulicheka. Ila mimi kiganja sikukiondoa mdomoni mpaka binti alipopotelea njia ya Tororo.