Filamu Haijaisha

Rafiki yangu, vijana wa siku hizi watanimaliza. Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kunitembelea hapa Nyeri, na kabla hata ya kunisalimu vizuri akanisukumia simu usoni. "Anti, cheki hii. Hii ndiyo kamera ya ndoto yangu." Nikavaa miwani, nikatazama. Ilikuwa kamera ya filamu, ya chuma na ngozi nyeusi, ya Kijerumani, ile ya kuvuta filamu kwa kidole gumba kila baada ya picha. Ati kuna kundi zima la vijana mtandaoni, kuanzia Nanyuki mpaka Karatina, na kazi yao ni kuitamani tu. Huyu ana simu inayoweza kupiga picha mia kabla sijapiga chafya, lakini anataka kitu cha kupiga thelathini na sita, halafu akae asubiri. "Raha yenyewe ni kusubiri, anti." Raha! Mtoto akililia wembe mpe, lakini wembe huu mimi ulishanikata.

Kamera hiyo naijua hata mlio wake. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikiishi na nyanya yangu kule Mweiga, na jirani yetu alikuwa na moja ya namna hiyo. Aliachiwa na mzungu mmoja ambaye jirani alikuwa akimpikia, siku mzungu alipofunga virago kurudi kwao. Siku za wiki jirani alikuwa mkulima wa viazi kama watu wote. Jumapili alivaa koti, akaning'iniza kamera kifuani, na hata mzee wa kanisa akawa anamsalimu kwanza. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama tukiwa tumeweka mikono nyuma. Wenzangu walitamani baiskeli. Mimi nilitamani kuishika ile kamera, na nilipolala niliota naishika.

Nyanya yangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Nilikuwa nikiamshwa na sauti ya maziwa yakigonga ndoo, chrr, chrr, na harufu ya moshi wa kuni mbichi. Maisha yake yote alikuwa amepigwa picha mara moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na aliichukia kwa sababu alisema inamwonyesha kama mtu aliyekamatwa na pombe haramu. Basi siku moja akaamua. Alitaka picha kubwa, iwekwe kwenye fremu, itundikwe ukutani juu ya kalenda. "Watoto wa watoto wenu watanijua aje? Kwa kuambiwa?" Alipoamua jambo, nyanya yangu, heri ubishane na mvua.

Maandalizi yalichukua asubuhi nzima, na mimi ndiye niliyeumia. Ilibidi ng'ombe aoshwe kwa sabuni, maana nyanya hakukubali kupigwa picha bila ng'ombe wake. Akavaa koti la kijani la kanisani, akafunga kitambaa kipya, akabaki na gumbuti zake za mpira kwa sababu boma lilikuwa tope tupu. Jirani akaapa gumbuti hazitaonekana. Ng'ombe akageuka mara nne, na mara zote nne nyanya akamkemea jirani, si ng'ombe. Mwishowe kamera ikalia, klik. Nyanya akashusha pumzi, akauliza, "Iko wapi?"

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Picha ilikuwa ya tatu kwenye filamu, na jirani hakuwa mtu wa kupeleka filamu studio ya mjini ikasafishwe kabla haijaisha. Kuacha hata picha moja kwake ilikuwa dhambi, kama kumwaga maziwa. Mvua za masika zikaingia, mawingu yakalala juu ya Aberdare, hakuna aliyetaka kupigwa picha kwenye tope. Kila Jumamosi natumwa na chupa ya maziwa nikaulize. Kila Jumamosi jirani ananijibu, "Enda umwambie filamu haijaisha. Subira huvuta heri." Naichukia methali hiyo mpaka leo. Nikifika nyumbani naulizwa tena na nyanya kana kwamba mimi ndiye niliyeificha picha: "Hiyo filamu yake inazunguka dunia?"

Basi akaamua kuimaliza yeye mwenyewe. Pale tulipokuwa tukipeleka maziwa asubuhi, kulikuwa na foleni ya akina mama na madebe yao, na nyanya akaanza kampeni. "Wewe, ukikufa leo watoto wako wataonyeshwa nini?" Mama wa watu amebeba maziwa, baridi inamkata, anaulizwa habari za kufa! Lakini walikubali, mmoja mmoja. Mwalimu wangu akapigwa picha kando ya ubao. Mama muuza sukumawiki akapigwa pamoja na mapacha wake. Bibi harusi mmoja akapigwa wiki mbili kabla ya harusi, kwa sababu nyanya alimwambia siku yenyewe atakuwa amechoka. Jumamosi moja nikaambiwa zimebaki tano.

Tano! Na bado nilirudishwa na ile methali. Jumamosi iliyofuata nikaenda nimekasirika kabisa. Jirani alikuwa shambani anachimba viazi, mke wake akaniambia niingie ndani nimsubiri, akaenda kumwita. Kamera ilikuwa mezani, karibu na dirisha, peke yake.

Sasa nikueleze nilichokuwa nimeona, ili usinihukumu haraka. Nilikuwa nimemwona jirani mara nyingi akiinua vipande vya filamu kwenye mwanga wa dirisha, na ndani yake watu wadogo wamepangana, nyuso nyeusi na nywele nyeupe. Hizo zilikuwa filamu zilizokwisha kusafishwa. Mimi nitajua wapi? Nilidhani nyanya yumo humo tayari, amesimama na ng'ombe wake, na huyu mzee anatuzungusha tu. Nikasema nitamwangalia mara moja, nikamwambie nyanya ametoka vizuri, wote tutulie. Nikafungua mgongo wa kamera. Nikaivuta filamu, nikaivuta tena, nikaiinua dirishani. Ilikuwa rangi ya uji wa wimbi, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna nyanya, hakuna mwalimu, hakuna mapacha. Nikairudisha nikiisokota kwa vidole, nikafunga, nikakaa kwenye kiti na mikono mapajani.

Jirani akaja, akasema zimebaki tano. Jumapili akazimaliza kwenye ubatizo. Jumatano akarudi kutoka mjini, na mimi nilimwona kwa mbali akipita njiani polepole, nikakimbilia zizini. Filamu yote ilitoka nyeusi tititi, imeunguzwa na mwanga. Haki, sijawahi kuona watu wakikasirika hivyo. Bibi harusi alilia. Waliosimama kwenye foleni ya maziwa wakamwita tapeli, wengine wakasema kamera yake haikuwa na filamu tangu siku ya kwanza. Jirani akaja kwetu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwambia nyanya, "Mama, ni mimi. Niliifungua kwa makosa." Hakunitazama hata kidogo. Filamu ile ilikuwa imekunjwakunjwa na vidole vya mtoto, na mtoto aliyeingia nyumbani kwake alikuwa mmoja. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilinyamaza.

Akajitolea ampige nyingine bure. Wapi! Nyanya akakataa katakata. "Niosheshe ng'ombe tena, nivae koti tena, nichekwe na Mweiga nzima? Nimeshapigwa. Imetosha." Nilimsihi, nikamlilia, nikaosha ng'ombe bila kuambiwa. Hakukubali siku hiyo wala miaka yote iliyofuata, hata kamera za bei rahisi zilipojaa kila kijiji. Akiona mtu ameshika kamera anageuza uso. Na jirani hakuitwa tena harusini. Watu walianza kumleta mpiga picha kutoka mjini, na yule mzee akawauzia wapanda mlima kamera yake kule Naro Moru. Alizikwa akiitwa yule aliyeunguza picha zetu. Mimi nilikuwepo mazishini, mtu mzima na kazi yangu, na nikanyamaza tena.

Nyanya naye alipoondoka, kitambulisho chake kilirudishwa serikalini kama sheria inavyotaka, na kwa haraka zetu hakuna aliyefikiria kukitolea kopi. Boma limegawanywa viwanja. Studio iliyokuwa ikisafisha picha mjini sasa inauza vifuniko vya simu. Na mpwa wangu ananiambia raha ni kusubiri!

Basi nikamweleza yote, jambo ambalo sikuwahi kumweleza mama yake wala mtu yeyote. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka simu mezani, akaniuliza kwa upole, "Anti, kwani huyo shosh wako alikuwa anakaa aje, sura yake?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Sauti yake naisikia hata sasa. Koti naliona, na kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Mikono naiona vizuri kabisa, mishipa yake na vidole vilivyopinda kwa kukamua. Nikapanda taratibu kutoka mikononi kwenda usoni, rafiki yangu, na uso haukuwepo.