Masanduku Matano, Skuli Tano

“Vidole juu ya vitufe! Andika jina lako, uanze na herufi kubwa.”

Vitufe vinalia darasa zima kama mvua ya kwanza juu ya bati. Wanafunzi thelathini na mmoja wa kidato cha nne wamekaa wawili wawili, mmoja peke yake, kila meza na kibodi yake. Wameinama, wengine wanauma midomo. Bi Raniya Suud anapita katikati ya meza, huyu anamsogeza kidole, yule anamnyoosha mgongo.

“Mumemaliza? Haya, hifadhini kazi zenu.”

Kazi gani? Mbele ya watoto hamna skrini hata moja. Waya za kibodi zinaning’inia pembeni mwa meza, hazikuchomekwa popote. Kila herufi wanayobonyeza inaishia hewani.

“Mtu akipita dirishani atasema mwalimu huyu kapata wazimu,” anasema Bi Raniya, mwenye umri wa miaka 36, kengele ikishalia. “Na mie mara nyingine naona hivyo hivyo.”

Hapa ni Msuka, kaskazini kabisa ya Pemba. Skrini ishirini za watoto hawa zipo, mpya, hazijatolewa plastiki. Ziko skuli moja ya upande wa Makangale. Betri ziko Kiuyu. Paneli za sola ziko skuli nyengine, na mtambo wenyewe, ile sava inayobeba masomo yote na kuziendesha skrini zote, uko skuli ya tano. Walimu wakuu wameomba skuli zao zisitajwe. Hazitajwi. Wenyewe wanajijua.

Makubwa haya, madogo yana nafuu!

Bi Raniya ndiye aliyeandika mpango wa pamoja wa kompyuta wa skuli hizo tano. Hakutumwa na mtu. Aliona kila skuli inaomba peke yake na kila moja inajibiwa subirini, akasema kwa nini tusiombe kwa mdomo mmoja? Mwaka mzima alizunguka kwa bodaboda, nauli shilingi elfu kumi na mbili kila mzunguko, akiitoa kwenye mshahara wake wa ualimu. Mumewe alimuuliza kama kaolewa na yeye au na hizo kompyuta.

Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka. Chumba kimoja Konde, ambako njia zote za huku zinakutana. Sava moja, skrini ishirini, umeme wa jua. Kila skuli na siku yake katika wiki. Walimu wakuu watano wakaukubali, wafadhili wakaukubali, na Bi Raniya akawaendea wazazi wa Msuka akawaambia waandikisheni watoto somo la kompyuta, vifaa vinakuja. Watoto wakaacha somo la biashara, wakachukua kompyuta. Mtihani wao wa vitendo ni mwezi ujao.

Vifaa vikaja kweli. Vilishushwa Konde ndani ya masanduku makubwa matano ya mbao: la sava, la skrini, la kibodi na waya, la betri, na la paneli. Kamati za skuli zote zikahudhuria, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

“Konde wana soko, wana lami, na kompyuta nazo wapewe wao?” aliuliza mzazi mmoja. Mwengine akasema watoto wa Makangale si watoto wa kambo. Sauti zikapanda. Mwishowe akasimama Mzee Jaribu, mjumbe wa kamati anayeheshimika, akahesabu kwa bakora yake.

“Masanduku matano, skuli tano,” alisema. “Mwenyezi Mungu kashagawa mwenyewe. Sisi tunagombana nini?”

Watu wakapiga makofi.

Bi Raniya anasema alisimama akaeleza mpaka sauti ikamkauka. Kwamba skrini bila sava ni kioo tu. Kwamba sava bila betri ni sanduku la bati. Akajibiwa akae kitako, asiwatie fitina watu waliokwisha kuelewana. Ikapigwa kura, sanduku moja moja, na skuli yake ikaangukiwa na kibodi. Ikasomwa Fatiha, watu wakanywa chai, kila mmoja akapakia chake.

“Nataka uelewe, wale si wajinga,” anasema. “Walimu wakuu wote watano walijua. Lakini nani arudi kwao mikono mitupu, kamati imemkodolea macho? Wakasema, basi tutaazimana, sote ndugu. Hata mbuzi wa akika, anayechinjiwa mtoto mchanga, havunjwi mfupa. Wenzangu wale walivunja mpaka fuvu.”

Toka siku hiyo hakuna aliyemwazima mwenzake hata waya.

Skuli yenye sava haiko mbali. Mwalimu Hamzah, mwalimu mkuu, ni mkarimu. Mgeni hajakaa vizuri keshaletewa haluwa na kahawa. Sava iko juu ya kabati ofisini kwake. Imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa, na juu yake pana chombo cha maua ya plastiki.

Je, imewahi kuwashwa?

“Siku ya kukabidhiwa ilijaribiwa. Iliwaka taa ya kijani,” anajibu Mwalimu Hamzah. “Alhamdulillah, ni nzima. Haijaguswa.”

Anasema anamheshimu Mwalimu Raniya, anamwona kama mwanawe. “Lakini ikitoka hapa ikarudi na mkwaruzo, kamati itanila mzima mzima. Watasema nimeiuza. Mie nimebakisha miaka miwili nistaafu, kesi ya mali ya umma siitaki.”

Ukiondoka pale unaona haya wewe mgeni. Wanafunzi wake mwenyewe wanacheza mpira nje ya ofisi hiyo, na masomo yao yamelala chini ya maua ya plastiki!

Mwezi uliopita Bi Raniya alibadilisha maneno. Aliacha kuomba mpango urudi. Alianza kuomba kuazima.

“Nilikuwa harusini kwa jirani, nimekaa jikoni na wanawake,” anaeleza. “Sufuria zile zimetoka nyumba kumi. Kila moja ina alama ya rangi chini, ya mwenyewe. Hamna aliyeuliza ikitoboka itakuwaje. Shughuli ikisha, kila sufuria inarudi kwao. Nikasema hewalla, watu hawa kutoa hawataki, lakini kumnyima mwenye shughuli hawawezi. Ni aibu.”

Akanunua makopo matano ya rangi. Skrini zitatiwa alama nyekundu, betri kijani, paneli buluu, kila skuli na yake, ijulikane cha nani ni kipi. Akawaendea walimu wakuu na wazazi wawili watatu nyuma yake, kama wanaokwenda kuposa, akasema: nina shughuli, niazimeni wiki mbili.

Wa Makangale alikubali hapo hapo. Wa Kiuyu alisema “aibu yako aibu yangu,” akakubali. Paneli nazo zikapatikana. Ikabaki sava, na bila ya sava hayo mengine yote ni mzigo. Mwalimu Hamzah aliomba muda akae na kamati.

Simu yake inaingia wakati mwandishi yuko darasani. Bi Raniya anaiweka sauti ya juu, mkono wa pili kaubana kifuani.

“Assalaam alaykum, Mwalimu Raniya. Tumekaa, tumekubali. Tunakuazima.”

“Waalaykumu ssalaam. Alhamdulillah! Alhamdulillah, mwalimu wangu.” Anafumba macho. Watoto wanapiga meza kwa furaha, anawanyamazisha kwa mkono.

“Siku moja,” Mwalimu Hamzah anaendelea. “Siku ya mtihani. Asubuhi munaichukua, kabla ya magharibi iwe imerudi.”

“Mwalimu, siku hiyo hiyo? Watoto hawajapata kuiona. Nakuomba japo wiki, japo siku tatu kabla, waizoee.”

“Siku moja, mwanangu. Na hiyo ni hisani, usisahau.”

Simu inakatika. Bi Raniya anaitia ndani ya mkoba. Anasema atarudi tena kwa Mwalimu Hamzah Ijumaa baada ya sala, na safari hii atakwenda na mama wa watoto hawa wote thelathini na mmoja, wakae barazani kwake mpaka aone haya. Akikataa, atakwenda Ijumaa ya pili.

“Nina hasira,” anasema mbele ya watoto. “Nina hasira nao wote. Haya, tusipoteze muda. Vidole juu ya vitufe.”

Vitufe vinaanza kulia tena. Katika safu ya mbele Tamima, msichana anayetaka kuwa mhasibu, ananyoosha mkono.

“Mwalimu, hapa tunabonyeza tu. Tutajuaje kama tunakosea?”

Bi Raniya anaushika ule waya unaoning’inia, anaukunja taratibu, anauweka juu ya meza.

“Mutajua siku ya mtihani,” anajibu.