Kona Iliyozungushiwa Itoka

Wiki iliyopita alifariki abiria mwenzangu wa treni ya asubuhi kutoka Thika, fundi wa cherehani aliyefanya kazi Nairobi. Karibu yote ninayoyajua kumhusu niliyajua kabla ya treni kufika Ruiru. Siku zote alikaa dirishani, upande wa jua.

"Mzee, hamia huku, utachomeka."

"Wacheni nichomeke. Sijasalimia mama watoto."

"Kumbe hata huko aliko bado anakuamrisha!" abiria mmoja alimtania, na behewa zima likacheka, yeye pia.

Mkewe alizikwa kwenye kona ya shamba la kahawa la ukoo, karibu na reli. Ndugu za fundi walipotaka kuliuza, yeye alikubali kwa sharti moja: kona hiyo ibaki, naye azikwe hapo. Wazee walishuhudia, wakaizungushia itoka, mmea ambao kwetu hupandwa mpakani na ambao zamani hakuna aliyethubutu kuung'oa. Hakumwita mpimaji wa ardhi. Kwake, mpaka ulikuwa umeshawekwa.

Asubuhi moja mwaka huu tuliona miti ya kahawa imelala, mizizi juu, na udongo mwekundu umesawazishwa hadi ukingoni mwa reli. Alisimama akashika fremu ya dirisha.

"Wameng'oa itoka."

"Si ni maua tu, mzee?" mama aliyeketi mbele yake aliuliza.

"Si maua, mami. Huo ni mpaka."

Alimwendea mnunuzi, mgeni katika eneo letu. Hakutukanwa. Alionyeshwa mawe ya mpimaji. "Mzee, mimi nilinunua kutoka jiwe hadi jiwe. Hayo majani nani angeniambia yana maana?" Wazee walioshuhudia walikuwa wameshafariki. Ndugu zake, waliokuwa hai, walinyamaza.

Jumamosi tulimzika kwenye makaburi ya umma. Mkewe yuko chini ya msingi wa nyumba za kupangisha.

Nimejaribu kumchukia yule mnunuzi, nikashindwa. Itoka haikuwahi kumzuia mtu kwa nguvu zake. Ilizuia kwa sababu kila jirani aliijua na kuiogopa. Leo mashamba kati ya Thika na Ruiru yananunuliwa na watu ambao hawajafundishwa woga huo, na sisi tuliofundishwa tunawauzia bila kusema neno. Mwenye kaburi shambani na amwite mpimaji sasa. Ile mimea iling'olewa na trekta, lakini waliojua maana yake walikuwepo siku ya kuuza, na hawakufungua mdomo.