Nguruwe wa Korongoni

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu lilifundisha kwamba nguruwe ni najisi, haliwi wala haguswi. Mama mkwe naye alikuwa na nguruwe wanne korongoni nyuma ya boma, na mtu wa kuwalisha nilikuwa mimi. Mzee hakuteremka huko, magoti yake yalikuwa yamekataa mteremko. Harufu ikipanda, mama mkwe alisema ni ya jirani. Na jirani wetu wa karibu alikuwa Mwislamu mwenye duka la nguo pale Kambu. Hebu niambie.

Wanunuzi wa barabara ya Mombasa walikuja kimyakimya, wakabeba mnyama ndani ya gunia, mambo yakaisha. Mume wangu alikuwa kazini bandarini, nami nilikuwa nimeolewa miaka sita tu, neno langu pale bomani halikuzidi uzito wa pumba. Nilifunga mdomo.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka wa njaa. Nguruwe mmoja akaanza kuyumba, kichwa upande. Mama mkwe akasema kile ambacho yeyote kwetu angesema mwaka kama ule: mnyama asife na nyama yake. Tukamchinja kabla hajafa. Siku hizo tulikuwa tukisuka viondo vya kuuza, vikapu vya mkonge, na mkonge humla mtu vidole. Mikono yangu ilikuwa nyufa tupu. Niliizamisha kwenye damu mpaka viwiko, wala sikufikiria chochote.

Siku ya tatu kichwa kiliniuma kama kinachopasuliwa kwa shoka, shingo ikakataa kuinama. Wakasema ni malaria. Nikameza vidonge, nikavitapika. Kanisa likaja kuniombea. Walikizunguka kitanda wakapaza sauti, na kila amina ilinichoma kichwani kama msumari. Niliwatukana moyoni. Hizo ndizo sauti za mwisho nilizosikia maishani, na laiti ningejua ningezisikiliza vizuri.

Niliamka hospitalini. Muuguzi alikuwa ananisemesha, midomo inacheza, hakuna kitu. Nilidhani ananitania, nikamwambia aongee kama mtu. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Aliniandikia kwenye daftari kwamba nimeugua homa ya uti wa mgongo, kwamba nitaishi, na kwamba masikio huenda yasirudi. Nililia kwa hasira. Kisha akamgeukia mama mkwe aliyekuwa kando ya kitanda, nadhani alimuuliza tunafuga nini, maana nilimwona mama akionyesha kwa mikono pembe za mbuzi na mabawa ya kuku. Daktari akanipa kalamu mimi.

Mama mkwe hakuwahi kukanyaga darasani. Aliitazama ile kalamu jinsi unavyomtazama nyoka kwenye paa la nyasi. Nikaandika: nguruwe. Daktari akaniuliza mengi kuhusu yule nguruwe mgonjwa na mikono yangu, kisha akaandika kwamba anashuku viini vilipitia kwenye nyufa, na nguruwe mwingine akiugua asiguswe na mtu. Mama mkwe akaniuliza kwa macho tumeandikiana nini. Wodi ilikuwa imejaa watu wa kanisa. Nikashika tumbo, nikajifanya ni habari za chakula.

Nyumbani nikajikuta mfungwa. Watu walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mtungi uliowekwa pembeni. Wageni wa maombi walikuja kila siku, na mzee alikaa mlangoni toka asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa mama mkwe: usiguse nguruwe mgonjwa, mikono yako imepasuka kuliko yangu. Nikiandika, msomaji bomani ni mzee, naye angemfukuza mkewe siku hiyohiyo. Nikisema, sijui sauti yangu inafika wapi, maana kila nikifungua mdomo watu walinipungia mkono niishushe. Mume wangu yuko mbali. Nilikosa usingizi kwa hofu, nikimwona mama wa watu akilala na shingo ngumu.

Nilijaribu ishara. Nikaonyesha korongo, nikaonyesha mikono yake, nikapitisha kidole shingoni. Akatazama huku na huku, akatabasamu, akanipigapiga begani. Kesho yake aliniletea kipande cha nyama iliyokaushwa, amekificha chini ya sufuria. Alidhani nina hamu ya nguruwe.

Alasiri moja akina mama wa kanisa wamejaa uani, mzee anawasomea Neno. Nikamwona mama mkwe akipita kando ya jiko, kisu amekifunika kwa leso, kidole gumba amekifunga kitambaa chenye damu. Anaelekea korongoni; nikajua mwingine ameugua. Nikainuka nikishika ukuta, maana ugonjwa ulikuwa umeniachia kizunguzungu, nikamfikia nyuma ya jiko. Nikaweka mdomo sikioni mwake nikamnong'oneza, naapa nilinong'ona:

"Mwaitu, mama yangu, usimchinje huyo nguruwe. Mwenzake ndiye aliyeniua masikio."

Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu. Nikageuka. Wote walikuwa wamesimama, mzee na Biblia yake mkononi, na jirani wa duka la nguo ameegemea ua.

Mzee hakumfukuza mkewe. Aliamuru nguruwe wote wauawe na kuzikwa, na kanisa likatunyima meza ya Bwana kwa muda mrefu. Mama mkwe hakuugua. Mikono yake ilipona polepole, na bado anasikia hata kuku akitembea nyuma ya nyumba.

Mume wangu alikuja Krismasi. Tukiwa jikoni sote, aliandika kwenye daftari: "Mama aliapa siku ile hatakusemesha tena. Hajakwambia hata neno moja tangu Agosti."

Nikainua macho. Alikuwa ameketi ng'ambo ya moto, anasuka kiondo, midomo ameibana. Miezi yote hiyo alikuwa akiniadhibu, na mimi nilikuwa sijui.