Mama Aliyemtafuta Robert

Jackton Ojwang hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye kituo cha kupima majani chai karibu na Roret, yeye ndiye aliyeshika mizani, na wakulima walimjua kwa ubishi wake. Gunia lenye majani yaliyolowa maji halikupita mbele yake, hata liwe la mchungaji. Kwa hiyo watoto wa kwaya walipoomba wapelekwe siku moja kwenye maporomoko ya Kaptuiyo, na wazazi wakaanza kunung'unika, mchungaji alisema jambo moja tu: wataenda ikiwa Ojwang ndiye atakayeipanga safari.

Basi akaipanga, na jamani, alipanga. Jumamosi mbili mfululizo alikipanda kile kilima peke yake. Alizihesabu hatua za pale panapoteleza, akajaribu kamba kwa kuning'inia mwenyewe na kitambi chake, akapiga marufuku kandambili. Daftarini aliandika majina ya watoto kumi na mmoja, na saa: waingie majini saa nne, watoke saa sita kamili, maana huku mvua hupiga hodi saa nane mchana, au saa saba ikiwa na haraka. Mkewe Aluoch alimtazama akifunga mafundo, akashindwa kujizuia.

"Baba Celine, unapeleka watoto kuoga ama unapeleka jeshi vitani?"

Alicheka, kisha akamshikia ncha ya kamba, kwa sababu alijua. Kaka yake Ojwang, Jairus, alibebwa na mto kule Nyakach walipokuwa wadogo, siku ya jua kali. Kijijini hakuna tone lililokuwa limeanguka. Ilikuwa imenyesha huku juu, kwenye vilima hivi hivi ambavyo Ojwang alikuja kutafutia kazi alipokua. Tangu akiwa na miaka tisa alijua kwamba mto haukuui kwa mvua unayoiona. Unakuua kwa mvua ya watu wengine.

Ndiyo maana alimwamini Mama Chepkemboi kuliko kamba. Huyu alikuwa mjane mwenye shamba la chai juu kabisa, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye maporomoko, na mto ulipita chini ya boma lake kabla ya kushuka. Wakakubaliana kwamba wingu likikaza huko kwake, apige simu aseme "mvua". Mtandao pale Kaptuiyo hushika mahali pamoja tu, kwenye jiwe kubwa juu ya ukingo, kwa hiyo simu ya Ojwang ingekaa hapo na mtu wa kuilinda. Mtu huyo angekuwa Molly, mwalimu wa kwaya, msichana makini aliyehamia kutoka Ahero, Ujaluoni, miezi miwili tu iliyopita.

Asubuhi ya safari, binti yake Celine, mwenye miaka kumi na tatu na woga wa maji baridi, alimfuata nyuma ya nyumba.

"Baba, mimi nikae na simu. Sitaki kuingia kwa maji."

"Hiyo ni kazi ya mtu mzima."

"Lakini Kogo Chepkemboi akipiga..."

"Kogo, Kogo! Huna nyanya Nyakach?" Ojwang alimkata. "Kwa hii nyumba tunaongea Dholuo na Kiswahili. Hiyo ingine uache shule."

Na tuseme ukweli, hapo ndipo mzee wetu alipokuwa na kichwa kigumu. Miaka kumi na tisa alikuwa amekula ugali wa nchi ya Wakipsigis, akapata mke na watoto humo, na Kikipsigis chake kiliishia kwenye salamu. Watu wa mizani walimsalimu "Chamgei," naye akajibu "Chamgei mising," basi, duka limefungwa. Aliogopa watoto wake wangesahau kwao. Hofu ya mzazi ni hofu, hailaumiwi sana.

Walifika saa nne kasoro. Siku ilikuwa nzuri ajabu, mbingu safi, maji meupe yakishuka kwenye mwamba na kutulia katika bwawa lililowafika watoto kiunoni. Ojwang alisimama kwenye ukingo na filimbi shingoni, akihesabu vichwa kila baada ya dakika chache. Kumi na mmoja. Kumi na mmoja. Nelvine na Kipkemoi walikuwa wakirushiana maji katikati. Celine alisimama karibu na ukingo, maji magotini, akitetemeka na kununa.

Saa tano na nusu hivi Molly alishuka kutoka kwenye jiwe akicheka, simu mkononi.

"Mzee, kuna mama ananisumbua. Amepiga mara tatu. Namba siijui. Mtandao unakatakata, anapiga tu kelele anatafuta Robert."

"Robert gani?"

"Robert! Robert! Nimemwambia hakuna Robert hapa, ni wrong number, bado anapiga."

Ojwang naye akacheka. Alikuwa na furaha siku ile, mpango wake ulikuwa unaenda kama ulivyoandikwa. "Mwambie Robert ameenda Fort Ternan kuoa," alisema, na wakacheka wote wawili.

Celine hakucheka. Alikuwa amegeuka.

"Teacher, alisema Robert ama alisema robta?"

"Robert. Robta. Si ni hiyo tu? Hawa wamama wa huku majina ya kizungu yanawashinda."

"Sema vile alisema."

Molly akaiga, kwa sauti nyembamba ya kuchekesha: "Robta! Robta!"

Uso wa mtoto ulibadilika. "Baba, hiyo si mtu," alisema. "Hiyo ni mvua."

Ojwang alipigwa na butwaa. Alitazama juu, mbingu ilikuwa safi. Alitazama maji, yalikuwa meupe. Miguu yake haikusogea. Kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima, na yeye ndiye mtu wa kupima, alisimama na filimbi midomoni bila kupuliza, akimwona Jairus kwenye jua la Nyakach.

"Baba! Puliza!"

Akapuliza. Alipuliza mara tatu kama walivyofundishwa, kisha akaendelea kupuliza hadi macho yakamtoka. Watoto walikimbilia kamba. Wawili wa kwanza, wanne, Kipkemoi akiuliza kama saa sita imefika, Ojwang akimvuta kwa ukosi wa shati bila kumjibu. Saba. Tisa. Nelvine aliteleza, akainuka akilia. Molly aliingia majini na viatu vyake akamsukuma kutoka nyuma. "Juu! Pandeni juu kabisa! Wacheni nguo!"

Walipofika kwenye jiwe la mtandao alihesabu. Kumi. Akahesabu tena. Kumi.

"Baba, niko hapa," Celine alisema nyuma yake. Alikuwa amemshika mkanda wa suruali tangu chini, naye hakuwa amehisi.

Kwanza yalikuja majani na vijiti, yakizunguka juu ya bwawa. Kisha maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Halafu mlio, na baada ya mlio hakukuwa na bwawa tena. Gogo zima lilishuka kutoka juu ya mwamba likaangukia mahali Nelvine na Kipkemoi walipokuwa wakirushiana maji. Mifuko ya chakula, viatu, daftari la Ojwang lenye majina na saa, vyote vilikwenda. Ile kamba yenye mafundo ilinyooka mara moja kisha ikakatika. Jua liliendelea kuwaka. Molly aliketi chini na simu mapajani, mdomo wazi.

Walikuwa bado hivyo Mama Chepkemboi alipotokea kwenye njia ya juu, amelowa chapachapa, viatu mkononi, sketi imejaa matope. Aliwatazama mmoja mmoja akisogeza midomo. Alikuwa anahesabu. Alipomaliza alishika magoti akahema, kisha akainuka na kumwendea Ojwang kwa hasira kama anayetaka kumzaba kofi.

"Mimi nabiga simu mara dano! Yangu haina moto, nimekimbia kwa jirani Kimutai kuomba yake! Nasema robta, robta, huyu msichana ananiambia hakuna Robert!"

"Mama, tulikubaliana utasema mvua," Ojwang alisema, na hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo.

"Mvua!" Mama Chepkemboi aligeuza macho kuutazama mto, na machozi yakaanza kumtoka. "Naona maji inabeba ng'ombe ya jirani, na watoto wako chini. Hiyo saa nitakumbuka Kiswahili wapi? Wewe ukishtuka unaita mama yako kwa lugha gani?"

Ojwang alijua lugha ambayo angemwitia mama yake. Alijua pia lugha aliyomwitia Jairus, akikimbia kando ya mto, na hakuna mgeni ambaye angeielewa.

"Umekaa hapa miaka ngapi, Baba Celine?"

"Kumi na tisa."

"Na ni nani amejua robta ni nini?"

Ojwang aligeuza macho pembeni. Mama Chepkemboi alifuata macho yake hadi kwa msichana aliyekuwa bado ameshika mkanda. Akamvuta Celine kifuani pake na matope yote, akamwambia jambo kwa Kikipsigis, na Celine akamjibu kwa Kikipsigis, sentensi ndefu, haraka, bila kukwama. Baba yake alisimama akisikiliza. Mtoto wake aliongea lugha hiyo kama mtu aliyezaliwa nayo, na ndivyo ilivyokuwa.

Wakashuka kwa njia ya shamba, miguu mitupu, katikati ya mistari ya chai. Hapo ndipo mvua yenyewe ilipowafikia, matone makubwa, na watoto wakaanza kukimbia na kupiga kelele, woga ukiwatoka. Ojwang alibaki nyuma na binti yake.

"Inaitwa aje tena?" aliuliza.

"Robta."

"Robat."

"Hiyo sasa ni Robert, Baba."

Alifuta uso kwa mkono, na maji ya usoni hayakuwa ya mvua pekee.

"Sema tena," akasema. "Polepole."