Mchambuzi wa Hisa wa Ifakara Mjini

Aibu ya Jumapili ile niliitafuta mwenyewe, nikaipalilia, nikaivuna, kwa hiyo msinionee huruma. Nawasimulia kwa sababu mtaisikia tu kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi, na wala haihitaji chumvi.

Tuna kikundi cha uwekezaji hapa Ifakara, wakulima wa mpunga, wenye maduka na wastaafu, na baada ya mavuno tulikuwa tunaamua fedha yetu iende wapi. Mwenyekiti, Baba Deo, alikuwa amesikia habari za kampuni moja kubwa ya Marekani inayotengeneza mitambo ya kuunganisha kompyuta na intaneti, akauliza kama bei ya hisa zake ni ya haki au imezidi thamani yake. Mimi nafunga Wi-Fi kwenye nyumba za wageni (yaani napanda ngazi, natoboa ukuta, napitisha waya), basi nikajiona mimi na kampuni hiyo ni ndugu wa tumbo moja, nikasimama: "Hiyo naijua nje ndani. Jumapili ijayo nitaleta uchambuzi." Uchambuzi! Mtu ambaye hata karatasi ya maelekezo ya dawa hajawahi kuimaliza.

Basi nikapewa upande wa kutetea ununuzi, na wa kupinga akapewa Mwalimu Kanisia, mstaafu aliyenifundisha hesabu za biashara sekondari, siku hizi analima Mchombe. Nilicheka moyoni. Bibi wa chaki na hisa za Marekani wapi na wapi?

Wiki nzima sikufanya kitu. Jumapili asubuhi, wenzangu wakiwa misani, ndipo niliposhika simu. Jina la kampuni nilikuwa nalisikia tu, sikuwahi kuliona limeandikwa (vifaa ninavyofunga mimi ni vya bei chee, vya watu wengine kabisa), ningeweza kumuuliza Baba Deo linaandikwaje, lakini mchambuzi anaulizaje swali kama hilo? Nikaliandika ninavyolisikia, kama tunavyoandika Kiswahili, ikaja kampuni ya Marekani, kubwa, ina hisa sokoni, nikadaka mchoro wa bei, nikasoma mistari miwili (Kiingereza changu cha kuokoteza) nikaona wana mtandao mpana wa kuhudumia wateja, neno mtandao likanitosha, nikavaa koti.

Ukumbini Mwalimu alianza, daftari mkononi. "Kampuni ni nzuri, sibishi," alisema. "Ila sasa kila tajiri anajenga majumba ya kompyuta za akili mnemba, wanunuzi wamezikimbilia hisa zake, na bei imepanda mbio kuliko faida. Hata mpunga mzuri, ukiununua ghali kupita kiasi umekula hasara."

Nikainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa heshima zote, hizo ni hesabu za ubaoni. Bei imepanda wapi? Kwenye mchoro wangu mbona imelala tu?"

Vijana wakapiga makofi, nami nikalewa. Mwalimu akafunua daftari, akarudi ukurasa wa nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Labda nimesoma vibaya." Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Mwalimu, muda wenu umepita, tuachieni sisi wa kisasa." (Nikikumbuka maneno hayo nusu ya usingizi wangu inakwenda.)

Baba Deo akaitisha kura ya kununua. Mikono ikaanza kuinuka, mingi, hata ya wajane wawili walioweka fedha ya msimu mzima.

"Kabla hamjahesabu," Mwalimu akasema, "hebu tuoneshe huo mchoro, nami nijifunze."

Nikaunganisha simu na projekta kwa mbwembwe zote. Ukuta ukajaa kuku walioganda.

"Ni tangazo," nikasema, nikagusa tena. Vikaja viazi vya chipsi kwenye mifuko. Nikagusa tena. Lori la samaki.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma. "Hawa wanasambaza vyakula mahotelini," akasema taratibu. "Matamshi ya jina ni yaleyale, herufi ndizo tofauti."

Mikono ikashuka. Kisha kutoka nyuma mtu akauliza, "Fundi, hizo chipsi zinashika intaneti mpaka kijijini Kisawasawa?" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na mimi, badala ya kukaa, nikajitetea: "Nilikuwa nawapima tu kama mko makini!"

"Ulikuwa unatupima nini, mwanangu?" Mwalimu akauliza, na aliuliza kweli, akisubiri jibu. Nikaizima projekta, nikakaa.

Kikundi kiliahirisha ununuzi mpaka watu waelewe. Kama ile bei imezidi au haijazidi, hadi leo sijui, na huenda hata Mwalimu amekosea, lakini yeye angekosea baada ya kusoma. Mimi hata ningepatia, ningepatia kama mlevi anayeangukia kitandani kwake.

Jumanne nilikwenda kwake. "Mwalimu, naomba unisamehe. Nilikudharau."

"Hilo nililiona," alisema, akinisogezea kiti. "Kilichonisikitisha ni kwamba nilianza kukuamini."

Nimeapa sitasimama tena kutetea nisichokisoma. Kuchekwa kunapita, hata wale wanaoniita Bwana Chipsi watachoka. Ila kumfanya mtu anayejua ajitilie shaka kwa sababu ya kelele zangu, hilo sijui litapita lini.