Mibono Sitini ya Bwana Shamba

Bwana Shamba wetu hakuwa mbaya wa kuogopesha. Alikuwa mbaya wa kawaida, yule anayekusalimia vizuri na kuulizia watoto. Nilimwendesha miaka tisa kwenye pikapu ya ofisi ya kilimo, na haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyafanya kwa mikono yangu.

Alilelewa na dada yake, maana mama yao alifariki yeye hajaanza shule. Kaburi la mama halikuwa na saruji wala jina. Dada alipanda mibono minne, mmoja kila pembe, kama walivyofanya wengi pale, kwa sababu mbuzi hawaugusi mti huo. Tuta lilisawazishwa na mvua, mibono ikabaki. Sasa dada mwenyewe alikuwa amevimba miguu, moyo umechoka, hatoki kitandani. Ombi lake lilikuwa moja, nililisikia kila nilipompelekea dawa: "Mdogo wangu, nikifa nilaze kulia kwa mama. Usinitupe kwa watu nisiowajua."

Serikali ikatangaza kwamba dizeli itachanganywa na mafuta ya mbono, na kampuni moja ikaahidi kujenga kiwanda. Kila wilaya ilipewa mbegu za shamba la mfano. Zetu zilikuwa zimekaa ghalani mpaka zikaliwa na wadudu, haikuota hata moja. Bwana Shamba akaandika kwenye ripoti kwamba imeota mibono sitini. Ripoti iliyofuata akaandika imechanua. Mtu akishaanza hivyo hana pa kusimama, basi akaandika imezaa. Ndipo simu ikapigwa: waziri anakuja Alhamisi na watu wa kampuni kuona matunda.

Jumanne asubuhi tukaenda makaburini na majembe na vibarua wawili. Mzee mmoja aliyekuwa anapita aliuliza, "Mnasafisha?"

"Tunasafisha, mzee wangu. Ni agizo," akajibu Bwana Shamba.

Yule mzee akashukuru, akaenda zake.

Tuling'oa hamsini na sita yenye matunda. Iliyobaki ilikuwa minne tu, kule pembeni, mikubwa kuliko yote.

"Bosi, hiyo si ya mama?" nikamwuliza.

"Mama mwenyewe angefurahi. Mwanawe anakwenda makao makuu."

"Na dada?"

"Kwani dada anatembea? Ng'oa, bwana. Alama nitakuja kuiweka."

Nikang'oa. Ningeweza kukataa, lakini niliipenda kazi yangu, na hadi leo najichukia kwa hilo.

Alhamisi waziri alichuma tunda kwenye shamba la mfano tulikoihamishia, akapigwa picha, akampa Bwana Shamba mkono. Wenye makaburi walilalamika wiki nzima, wakaambiwa ni usafi, wakachoka. Kiwanda hakikujengwa. Lakini mbono haufi hovyo, hata kijiti ukikichomeka kinashika. Yote sitini ilishika kule shambani, mita mbili kwa mbili, ikazaa kuliko ilivyozaa makaburini. Bwana Shamba akapandishwa cheo. Alama hakwenda kuiweka.

Tulipokwenda kumuaga dada, alimshika mdogo wake mkono hakumwachia.

"Mibono ya mama ipo?"

"Ipo, dada. Mwaka huu imezaa sana."

Dada akacheka kwa furaha, akamwombea heri huko aendako. Mimi nikatoka nje kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Dada alifariki miezi mitatu baadaye. Bwana Shamba alikuja na suti, akatutangulia makaburini. Mvua zilikuwa zimepita na pote palikuwa nyasi tupu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatoa tepu yake ya kazini, akapima kutoka kwenye mtaro wa pembeni kwa uhakika wa mtaalamu. Kina mama wakamsifu jinsi anavyomkumbuka mamake. Wachimbaji walipofika kiunoni, koleo liligonga ubao.

"Huyu ndiye mama yenu?" akauliza mchimbaji.

Nilimwona Bwana Shamba usoni. Hakujua.

"Sogeeni mita mbili," akasema.

Wakafukia, wakasogea, wakachimba, wakagonga ubao mwingine. Akapima tena mita mbili. Shimo la tatu halikuwa na ubao, na ukichomeka koleo kulia au kushoto kwake, ni udongo tu.

"Hapa ndipo," alisema Bwana Shamba, akatazama saa.

Tukamlaza hapo.